Watoto wa Kipolandi waliolelewa Tengeru: walikuwa yatima kweli?

#1 Mjukuu_wa_Duluti

Salaam ndugu wanajukwaa.

Babu yangu alizaliwa mwaka 1934 karibu na Ziwa Duluti, na alipokuwa na miaka tisa au kumi alikuwa akifuatana na mama yake kupeleka ndizi na mayai kwenye kambi ya Wapolandi pale Tengeru. Wiki iliyopita alitaka nimpeleke kwenye makaburi yao, yaliyo ndani ya eneo la chuo cha mifugo. Alitembea taratibu kati ya misalaba, akawa anaweka kiganja juu ya kila kaburi fupi, kwa sababu yale mafupi ni ya watoto, kisha akaniambia jambo ambalo limenikosesha usingizi: "Walikuwa wanaitwa yatima. Lakini mmoja tuliyekuwa tukicheza naye aliniambia kwa Kiswahili, mama yangu yupo, sema hajulikani yuko wapi."

Naomba wenye ujuzi wanisaidie. Watoto hawa walikuwa yatima au hawakuwa? Ilikuwaje wakaletwa Tanganyika, nchi ambayo wazazi wao hawakuwahi hata kuisikia? Na nimesoma kwamba mwaka 1949 waliobaki walipelekwa Kanada badala ya kurudishwa kwao. Aliyeamua hivyo alikuwa na haki gani?

#2 Mwl_Mstaafu

Ndugu Mjukuu, mfikishie babu shikamoo yangu. Nilifundisha historia kwa miaka mingi, na hili ni somo ambalo vitabu vyetu vya shule vimelipita mbio.

Mwezi Septemba 1939 Poland ilivamiwa pande mbili, Wajerumani wakitokea magharibi tarehe 1 na Wasovieti wakitokea mashariki tarehe 17. Kuanzia Februari 1940 hadi Juni 1941 Wasovieti waliwahamisha kwa nguvu mamia ya maelfu ya raia wa upande wa mashariki, familia nzima nzima, wakawapeleka kwa mabehewa ya mizigo hadi Siberia, Arkhangelsk na Kazakhstan. Hitler alipomgeukia Stalin mwaka 1941, Sikorski, waziri mkuu wa serikali ya Poland iliyokuwa uhamishoni London, alitia saini mapatano na Wasovieti, na wafungwa hao wakaachiliwa. Jenerali Anders akaanza kuunda jeshi la Kipolandi, na raia waliodhoofika kwa njaa wakaanza kulifuata jeshi hilo kuelekea kusini, hadi Uzbekistani na nchi jirani. Mwezi Machi na Agosti 1942 zaidi ya watu laki moja walivushwa Bahari ya Kaspi hadi bandari ya Pahlevi, Iran, wanajeshi pamoja na raia, na miongoni mwao maelfu mengi ya watoto.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la kwanza. Katika safari ile ya kusini, ujumbe wa serikali ya Poland ulifungua nyumba za kulelea yatima, na mtoto aliyeandikishwa humo alipata mkate na alikuwa na nafasi ya kuingia melini. Mama aliyekuwa hana kitu alimfikisha mwanawe mlangoni, akamwambia aseme hana mzazi, akaondoka. Mama wengine walibaki upande ule wa bahari, na Aprili 1943, makaburi ya maofisa wa Kipolandi waliouawa na Wasovieti yalipofukuliwa Katyn, Moscow ilivunja uhusiano na serikali ile ya London. Tangu hapo hapakuwa na ofisi ya kumuulizia mama. Kwa hiyo babu yako alisikia vizuri. Wengi wao walikuwa yatima wa karatasi.

#3 Baharia_wa_Kilindini

Ahsante Mwalimu. Mimi najibu la pili kwa upande wa bahari, maana ndiyo kazi iliyonilea.

Watu wanadhani Waingereza walikaa na ramani wakaichagua Tanganyika kwa makusudi. Nionavyo mimi, njia ya meli ndiyo iliyochagua. Mwaka 1942 Mediterania ilikuwa haipitiki kwa meli za kawaida, na Atlantiki ilikuwa imejaa nyambizi. Septemba 1940 meli City of Benares, iliyokuwa imebeba watoto 90 wa Kiingereza waliopelekwa Kanada kwa usalama, ilizamishwa, na 77 kati yao wakafa. Baada ya msiba huo serikali yao ikaacha kupeleka watoto ng'ambo. Nani angethubutu kuwapitisha wengine huko? Lakini kutoka Ghuba ya Uajemi kwenda Karachi, na kutoka Karachi kuja Mombasa, Tanga na Dar es Salaam, njia ilikuwa na nafuu. Bandari tulizo nazo ndizo zilizoleta wageni.

#4 Kalamu_Nzito

Ndugu Baharia, kwako wewe kila jambo la dunia linaanzia na kuishia gatini! Meli inaeleza walipitia wapi, haielezi kwa nini walikaa hadi mwisho wa miaka ya arobaini.

Maelezo yangu ni ya kisiasa. Stalin alikuwa mshirika wa Uingereza. Watu hawa walikuwa mashahidi hai wa yale aliyowafanyia, na kuwaweka katika vijiji vya mbali barani Afrika kuliwapunguzia sauti. Tazameni mahali penyewe: Tengeru, Kondoa, Ifunda na Kidugala kwa Tanganyika, Masindi na Koja kwa Uganda. Hakuna hata mahali pamoja palipo katikati ya mji mkubwa. Jambo la pili ni ardhi. Wameru walifukuzwa kwenye mashamba yao ili Wazungu hao wapate pa kukaa, na ndiyo sababu Kirilo Japhet, msemaji wao, akaenda Umoja wa Mataifa.

#5 BintiMeru

Kaka Kalamu, nakuheshimu, lakini hapo mwisho umechanganya, na kwetu sisi si jambo dogo.

Wameru waliofukuzwa na nyumba zao kuchomwa moto ni wa Engare Nanyuki, na ilikuwa Novemba 1951, wakati kambi ya Tengeru ilikuwa tayari inamalizika. Waliondolewa kuwapisha walowezi wa ng'ombe, na kesi hiyo ndiyo Kirilo Japhet aliyoipeleka New York mwaka 1952. Ni kweli kwamba ardhi ya miteremko ya Meru ilianza kuchukuliwa tangu zamani za Wajerumani, na hasira yake ni moja, lakini usiwabebeshe watoto wale shauri ambalo halikuwa lao.

Tena serikali ya kikoloni haikuwataka kama walowezi. Iliogopa kuwa na Wazungu maskini, wanaolima kwa mikono yao wenyewe na kuishi kwenye vibanda vya nyasi mbele ya macho ya Waafrika. Ndiyo maana tangu mwanzo ilisisitiza kwamba ni wageni wa muda, na mwishoni ni wachache tu walioruhusiwa kubaki.

#6 Kalamu_Nzito

Nimekubali kosa la tarehe, dada, na nakushukuru. La siasa bado silirudishi nyuma.

#7 Mwl_Mstaafu

Naongeza sababu ya tatu ambayo haijatajwa: njaa ya Iran. Nchi ile ilikuwa imekaliwa na majeshi ya Uingereza na ya Wasovieti tangu Agosti 1941, na mwaka 1942 Wairani wenyewe walikuwa wanakufa kwa kukosa mkate. Kuongeza makumi ya maelfu ya wageni katika nchi ya namna hiyo kulikuwa hakuwezekani kwa muda mrefu. Kwa sababu hiyo walitawanywa popote palipofunguka mlango. Kule India, Jam Saheb, mtawala wa Nawanagar, aliwajengea watoto makazi Balachadi. Meksiko iliwapa Santa Rosa. Afrika Kusini ilipokea watoto 500 Oudtshoorn. Na New Zealand, mwaka 1944, ilipokea watoto 733 Pahiatua. Tengeru, iliyokuwa na watu karibu 5,000, ndiyo iliyokuwa makazi makubwa kuliko yote barani Afrika. Ukiitazama orodha hiyo kwa pamoja, mpango wa siri wa Kalamu unapungua nguvu, ingawa sisemi kwamba haukuwemo kabisa.

#8 Ustawi_Kagera

Habari zenu. Nimesoma kimya hadi nilipofika kwenye maneno ya Mwalimu, "yatima wa karatasi", nikashindwa kuendelea kunyamaza.

Mwaka 1994 nilikuwa kijana mwajiriwa mpya wa ustawi wa jamii, nikapelekwa Ngara. Tarehe 28 Aprili watu walianza kumiminika kwenye daraja la Rusumo, na ndani ya muda wa siku moja Wanyarwanda wapatao robo milioni walikuwa wamevuka kuja kwetu. Kazi niliyopewa kwenye kambi ya Benaco ilikuwa kuandikisha watoto waliopatikana bila mtu mzima.

Ningependa mjue kazi hiyo inafanywaje, kwa sababu hapo ndipo mtoto anapopotea au kupatikana. Mtoto wa miaka mitatu ukimuuliza jina la mama yake, atakujibu "Mama". Ukiandika "hajui" umemfungia mlango. Tulifundishwa kuuliza kwa namna nyingine: mnateka maji wapi, kuna nini ukishuka kilima, nyumbani kuna ng'ombe wa rangi gani, siku ya soko mama huuza nini, nani hukubeba mgongoni mama akiwa shambani. Kuna binti mdogo ambaye kwa siku nne hakusema neno. Siku ya tano alimsikia mwanamke akipita na kuimba wimbo wa kubembeleza watoto, akaumalizia ubeti. Mwanamke yule hakuwa mama yake, lakini alikuwa anajua wimbo ule unaimbwa hivyo upande gani, na kutoka hapo tukapata wilaya, halafu parokia, halafu shangazi.

Jambo la pili tulilojifunza linafanana sana na la mwaka 1942. Mahali popote palipofunguliwa kituo cha yatima chenye uji wa uhakika, idadi ya yatima iliongezeka. Wazazi hawakuwa wabaya. Walihesabu chakula kilichopo, wakamhesabu mtoto, wakaona kituo kitamlisha. Ndiyo sababu tukaanza kuwaacha watoto kwa majirani waliotoka nao kilima kimoja, na mgao ukapelekwa kwa jirani huyo badala ya kituoni.

#9 Mtoto_wa_Kivu

Dada wa Ustawi, Mungu akubariki. Mimi ni mmoja wa hao walioandikishwa, ila kwa upande wa Goma.

Nilikuwa na miaka sita. Julai 1994 kipindupindu kilikuwa kinaua watu wengi sana kambini, na bibi aliyenivusha mpakani naye akafa. Kituo kimoja kilinipokea vizuri, kikanilisha na kunitibu, na sina la kulaumu kwa hilo. Lakini aliyeniandikisha hakujua Kinyarwanda wala Kiswahili, na jina langu akaliandika kama alivyolisikia, akiacha silabu nzima mwanzoni. Baba yangu alikuwa hai. Alipita mara mbili kwenye orodha zilizobandikwa akitafuta jina alilonipa, na mara zote mbili jina hilo halikuwepo. Alinipata baada ya miaka miwili na nusu kwa sababu ya picha, maana katika picha ile kovu la moto kwenye kidevu changu lilionekana wazi, na kovu halina tahajia.

Kwa hiyo mtu akiniambia hapa kwamba mtoto fulani alikuwa yatima kwa sababu karatasi ilisema hivyo, nitamuuliza karatasi hiyo iliandikwa na nani, na kwa lugha ipi.

#10 Mjukuu_wa_Duluti

Ndugu Mtoto_wa_Kivu, pole sana, na ahsante kwa kutuamini. Nimemsomea babu ujumbe wako kwa sauti. Amesema niurudie.

#11 Mkazi_wa_Montreal

Kuhusu swali la tatu, naishi katika mji uliowapokea, na hapa jambo hili bado linazungumzwa miongoni mwa wazee wa Kipolandi.

Mwaka 1949 Shirika la Kimataifa la Wakimbizi lilikuwa linafunga makazi ya Afrika. Serikali mpya ya Poland kule Warsaw, ya kikomunisti, ilidai watoto wote warudishwe. Kundi la yatima wa Tengeru likapandishwa meli Mombasa hadi Italia, likapitishwa Ujerumani, na Septemba 1949 watoto 123 wakashuka Halifax, chini ya udhamini wa Askofu Mkuu Charbonneau wa Montreal. Padri Lucjan Królikowski, aliyekuwa nao Tengeru, alisafiri nao. Warsaw ililalamika hadharani kwamba watoto wametekwa nyara, na suala likafika Umoja wa Mataifa.

Kwa maoni yangu waliokolewa. Wengi wao walikuwa wamekwisha kuwa vijana wa miaka kumi na minne, kumi na sita, wenye akili ya kujua wanachokikataa.

#12 Kalamu_Nzito

Na wale wa miaka minane je, Mkazi? Nao walijua wanachokikataa?

#13 Mwl_Mstaafu

Swali zuri, lakini kwanza turekebishe hesabu: watoto walioondoka Tengeru walikuwa karibu 150, na 123 ni wale waliofika Kanada. Wengine njia zao ziliachana wakiwa bado Ulaya. Wa miaka minane kati yao, kama walikuwepo, walikuwa wachache mno, maana aliyevuka Kaspi mwaka 1942 akiwa mchanga wa mwaka mmoja alikuwa na miaka minane hiyo hiyo.

Na hapa liko jambo ambalo Warsaw haikupenda kulisema. Karibu watu wote hawa walitoka mashariki ya Poland ya zamani, na baada ya mkutano wa Yalta wa washindi wa vita, mwaka 1945, ardhi hiyo ilikuwa sehemu ya Muungano wa Kisovieti. Kijiji alichozaliwa mtoto hakikuwa tena ndani ya Poland. "Kurudishwa kwao" kulimaanisha kupelekwa mji ambao hajawahi kuuona, kwa watu asiowajua, chini ya serikali iliyokuwa rafiki wa waliomhamisha.

#14 BintiMeru

Mwalimu, hata hivyo mama aliyebaki Kazakhstan, akiwa bado hai mwaka 1949, angemtafuta mwanawe wapi? Angeanzia Poland. Asingewaza Halifax. Naona uchungu kwa ajili ya watoto, na naona uchungu zaidi kwa ajili ya huyo mama, ambaye katika mjadala huu wote hajaulizwa na mtu.

#15 Wakili_Dodoma

Naomba niweke sheria mezani, kwa kuwa majeraha ya namna hii ndiyo yaliyoiandika.

Agosti 12, 1949, yaani wakati watoto hao bado wako safarini, Mikataba minne ya Geneva ilipitishwa, na wa nne unaagiza watoto waliotenganishwa na familia zao kwa vita watunzwe, wasipoteze dini yao, na elimu yao ikabidhiwe kadiri inavyowezekana kwa watu wa utamaduni wao. Sheria ya wazi zaidi ilikuja mwaka 1977. Kifungu cha 78 cha Itifaki ya Kwanza, iliyoongezwa kwenye Mikataba hiyo, kinakataza nchi iliyo vitani kuwahamishia nchi ya kigeni watoto wasio raia wake, isipokuwa kwa muda tu, na kwa sababu nzito ya afya ya mtoto au, nje ya ardhi inayokaliwa, ya usalama wake. Inatakiwa idhini ya maandishi ya wazazi au walezi wakipatikana. Kila mtoto anafanyiwa kadi yenye picha, na kadi hiyo inapelekwa kwa wakala mkuu wa Msalaba Mwekundu wa kutafuta watu. Humo huandikwa jina, tarehe na mahali pa kuzaliwa, jina la baba na la mama, lugha, dini, kundi la damu, na alama za mwilini.

Ndugu Mtoto_wa_Kivu, alama za mwilini. Walioandika kifungu hicho walifikiria kovu lako kabla hujazaliwa.

#16 Mtoto_wa_Kivu

Nimekaa na sentensi hiyo kwa muda mrefu. Ahsante, Wakili.

#17 Daktari_wa_Watoto

Tunajadili kama vile swali pekee ni nani mwenye haki ya kumhamisha mtoto, lakini lipo la kama kuhama kwenyewe kunamfaa. London ilipokuwa inapigwa mabomu, Anna Freud na Dorothy Burlingham, wataalamu wa saikolojia ya watoto, waliendesha vituo vya watoto Hampstead, wakaona kwamba mtoto mdogo anavumilia mabomu akiwa na mama yake kuliko anavyovumilia usalama bila mama. Katika vita hiyo hiyo Finland iliwapeleka Uswidi watoto karibu 70,000. Maelfu hawakurudi, na waliorudi wengi walikuwa wamesahau Kifini, wakawa hawawezi kuzungumza na mama zao. Kwa upande wa pili, watoto wa Biafra, kule Nigeria, zaidi ya 4,000 waliopelekwa Gabon na Ivory Coast walirudishwa kwao baada ya vita, kuanzia mwisho wa mwaka 1970. Kwa hiyo kurudisha kunawezekana pakiwa na nia, na pakiwa na nyumba ya kurudia.

#18 Kalamu_Nzito

Daktari, mfano wa London haufai kwa mwaka 1942. Mama wa London alikuwa na chai na mkate. Mama wa Uzbekistani alikuwa na homa ya matumbo na hana hata ganda la kiazi. Kubaki naye kulikuwa kufa naye.

#19 Mwenyeji_wa_Masindi

Nawasalimu kutoka Uganda. Kwetu Nyabyeya, karibu na msitu wa Budongo, Wapolandi walijenga kanisa ambalo bado linasaliwa, nalo liko pale palipo na chuo cha misitu. Lina maandishi ya lugha kadhaa ukutani, na makaburi yako karibu. Mama yangu mzazi alifundishwa kushona na mwanamke mmoja wa kambi hiyo. Alisema mwanamke huyo alikuwa na gauni dogo la mtoto wa kike ambalo kila baada ya miezi alilifumua pindo na kulirefusha kidogo, na hapakuwa na mtoto yeyote nyumbani kwake wa kulivaa. Mama hakuthubutu kuuliza. Dada BintiMeru, nimekumbuka hili kwa sababu yako.

#20 BintiMeru

Ahsante, ndugu yangu wa Masindi.

#21 Mjukuu_wa_Duluti

Ndugu zangu, nawashukuru wote. Naona kuhusu meli, njaa na siasa hamjakubaliana, na kuhusu Kanada mmezidi kuachana, nami bado sijui niwe upande wa nani.

Nimerudi kwa babu na maswali ya dada wa Ustawi, nikamuuliza kama alivyofundisha yeye, sikuuliza jina. Nilimuuliza yule rafiki yake alikuwa anapenda nini. Babu akasema alipenda ndizi mbivu, na alikuwa haziangalii mara mbili kabla ya kuzila, ila kila mara alibakiza moja, akaifunga kwenye kitambaa na kuingia nayo kwenye kibanda chao. Mama wa babu alimwuliza siku moja anamwekea nani. Akajibu kwa Kiswahili kilekile cha kubahatisha kwamba ni ya mama, akija.

Mama wa babu tangu siku hiyo alikuwa anahesabu ndizi za mtoto yule na kuongeza moja.